Diwani ya Jioni Ichaguliwe kwa Sikio

Mikusanyiko mingi ya mashairi iliyopita mikononi mwangu iliandaliwa kwa ajili ya darasa: kila shairi hufuatwa na maswali, orodha ya msamiati na maelezo ya dhamira. Faida yake siikatai, kwani ndiyo iliyotufundisha wengi wetu kutenganisha ukwapi na utao, yaani kipande cha kwanza na cha pili cha mshororo. Hata hivyo, msomaji anayeketi jioni baada ya shughuli za mchana hahitaji kuulizwa swali. Anastahili kitabu ambacho mtu mmoja amekichagulia mashairi kwa mapenzi yake mwenyewe, akayasoma kwa sauti tena na tena kabla ya kuyaingiza, na akawa tayari kuyajibia hata yale aliyoyaacha.

Mkusanyiko wangu ningeufungua kwa utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, pale mama aliye mgonjwa anapomwita bintiye akae karibu naye, na wino na karatasi mkononi. Sikubaliani na kila wosia uliomo, hasa unaohusu utiifu wa mke kwa mumewe, lakini sijui utungo mwingine wa Kiswahili unaomvuta msomaji karibu namna hiyo kwa maneno machache. Umbo lake nalo linasaidia: vipande vinne vya mizani nane, vitatu vya kwanza vikikubaliana kina, na cha nne kikibeba bahari, yaani kina cha mwisho kinachorudi kutoka ubeti hadi ubeti. Anayeusoma kwa sauti ya chini huanza kuisubiri bahari hiyo bila kujua kwamba anaisubiri, na kasi aliyotoka nayo mchana inapungua yenyewe.

Kutoka katika utenzi wa Inkishafi ningechukua tu beti za majumba ya Pate, mji wa kale wa visiwa vya Lamu, ambamo madaka, yaani vishubaka vya ukutani, yaliyokuwa yakipangwa sahani za fahari sasa yanalala makinda ya ndege. Beti za mwisho, zinazotaja moto wa Jahanamu kwa majina yake, ningeziacha. Najua wapo watakaosema kwamba kuukata utenzi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir ni kuuvunjia heshima, na hoja hiyo ina uzito, kwa sababu mshairi anaukemea moyo wake hatua kwa hatua, na magofu ni hatua mojawapo tu. Hata hivyo, utenzi mzima upo kwa yeyote anayeutaka, nami nachagua kwa ajili ya saa moja ya siku. Jambo nisilolegeza ni maana za maneno ya Kiamu, lahaja ya Lamu: ziwekwe chini ya ukurasa uleule. Msomaji anayelazimika kufunua kurasa za nyuma kila baada ya kipande huupoteza mdundo, na akiisha kuupoteza hana sababu ya kuendelea.

Muyaka, mshairi wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa, aingie kwa tungo zake fupi. Zile za majibizano ya kisiasa ya Mombasa na watawala wa Unguja zinadai maelezo marefu mno ya historia. Shaaban Robert aingie kwa shairi alilomlilia mkewe Amina, na ningeliacha bila neno la utangulizi.

Swali gumu zaidi kwangu ni Abdilatif Abdalla. Mashairi ya Sauti ya Dhiki, yaliyochapishwa mwaka 1973, aliyatunga akiwa kifungoni kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, na mtu anaweza kuuliza yanafanya nini katika kitabu cha jioni tulivu. Mimi naona yanastahili kuwamo kuliko mengi yanayotajwa kuwa ya kuliwaza. Yalitungwa na mtu aliyekuwa peke yake, asiye na msikilizaji, na kwa hiyo yanamfaa sana anayesoma peke yake. Tena vina vyake vimeshikwa kwa uangalifu ambao hasira haikuuvuruga hata kidogo. Nikiyaondoa kwa kuogopa kumsumbua msomaji, nitakuwa nimemdhania udhaifu ambao sina ushahidi nao.

Kuhusu mpangilio, sikubaliani na utaratibu wa miaka, unaoanza na Pate na kuishia kwa washairi wa leo kama somo la historia. Mashairi huru ya Euphrase Kezilahabi, ambayo diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ilizua nayo ubishi mkali miongoni mwa wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, mara nyingi hutengewa sehemu yake mwishoni, na msomaji wa vina huiruka. Ningeliweka mojawapo mara tu baada ya utendi. Sikio lililozoea bahari moja kwa kurasa kadhaa hushtuka linapoikosa, kisha hulazimika kutafuta mapigo ya shairi mahali pengine, katika urefu wa mshororo na pale mshairi alipoamua kuukata. Ubishi ule wa miaka ya sabini ulihusu zaidi iwapo tungo hizo ni mashairi au la. Mkusanyaji wa diwani ya jioni anaweza kuziweka bega kwa bega na za zamani, akamwachia msomaji azisikie mwenyewe.