Bagamoyo: ngoma ya kiingilio na ngoma ya sinia

Kabla mdundiko, ngoma ya Wazaramo ya kutembea mitaani, haujatoka, vijana hukusanya makuti makavu, huwasha moto pembeni ya njia, wakazisogeza ngoma karibu na miali ili ngozi zikaze. Mpigaji hugonga kwa ncha za vidole, husikiliza, huirudisha ngoma motoni, hugonga tena. Akisharidhika, watoto huanza kujipanga, maana wanajua safari imeiva. Mdundiko haukai mahali pamoja. Unatembea, na kila nyumba unayoipita inatoa watu wawili watatu wa kuufuata.

Nimeuona hivyo Bagamoyo. Nimeuona pia katika mji huohuo ukiwa jukwaani: vijana wamevaa sare, wanaingia upande mmoja wanatokea upande wa pili, dakika chache, makofi, kikundi kingine kinaitwa. Wapigaji wa jukwaani, kusema haki, walikuwa hodari kuliko wale wa njiani. Lakini nilibaki na swali ambalo wenyeji wa Bagamoyo wamekuwa wakibishana nalo kwa miaka mingi barazani: sanaa inayoupa mji huu jina, ni ya mji au ni ya chuo cha sanaa kilichopo hapa?

Wapo wanaosema bila kuficha kwamba ni ya chuo, na mji umepangishwa tu. Wapo wanaojibu kwamba bila chuo, Bagamoyo ingebaki na magofu ya Kaole, misheni ya mwaka 1868 na mnada wa samaki, basi. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na sioni kama yupo mpuuzi kati yao.

Habari hii inaanzia mbali kidogo. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipohutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alisema utamaduni ndio kiini na roho ya taifa, akatangaza wizara ya kuushughulikia. Katika hotuba hiyohiyo alilalamika kwamba wasomi wamejua kucheza rumba, chachacha na twisti, lakini ni wangapi waliowahi hata kusikia gombe sugu, mangala, kiduo au lelemama? Kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, baadaye vya sarakasi na maigizo. Mwaka 1981 kazi ile ikageuka kuwa ya kufundisha: Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa, na mwaka uliofuata likaanza tamasha ambalo limekuwa likifanyika kila mwaka. Ukumbi uliungua mwaka 2002, ukajengwa mwingine. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali na kuitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Zaidi ya miaka 40, basi, mji mdogo wa pwani umekuwa ukipokea vijana wanaokuja kujifunza ngoma za nchi nzima.

Hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia. Ngoma za nchi nzima maana yake ni kwamba za Wazaramo, Wakwere na Wadoe, wenyeji wa eneo hili, ni chache miongoni mwa nyingi. Kijana anajifunza bugobogobo ya Wasukuma, sindimba ya Wamakonde, lizombe ya Wangoni. Na kila moja, ili ienee jukwaani, lazima ipunguzwe. Bugobogobo ni ngoma ya kulima. Kule Usukumani jembe linapanda na kushuka kwa mdundo, na shamba linalimika. Ngoma inawatoa watu uchovu na kazi inasonga. Jukwaani majembe yanarushwa juu na kudakwa, yanazungushwa vizuri ajabu, na chini yake ni sakafu. Sindimba nayo nyumbani kwake ina uhusiano na jando na unyago, ina siku yake na watu wake. Ikishafika jukwaani inabaki kiuno na makofi. Mtazamaji anafurahi, lakini aliyezaliwa ndani yake anaona kitu kimeachwa nyuma.

Jambo la pili ni kiingilio. Hata kikiwa kidogo, kiingilio kinabadilisha uhusiano. Mtu aliyezoea kwamba ngoma ikilia anakwenda, leo anasimama nje ya ukuta akisikiliza. Na wiki ya tamasha ina utaratibu wake: wageni wanafika, nyumba za kulala wageni zinajaa, vibanda vya mishkaki na vinyago vinapangwa, kisha wiki inakwisha na mji unarudi kwenye mashua zake. Bibi wa Dunda au Magomeni, kata za hapahapa mjini, aliyewahi kuwa mwimbishaji wa lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, ujanani hana nafasi maalumu katika wiki hiyo. Akiitwa, ataitwa kufungua shughuli kabla wageni rasmi hawajakaa vizuri.

Hayo ni ya kweli, na yanauma. Ila upande wa pili una hoja nzito kuliko wengi wanavyodhani.

Kwanza, Bagamoyo haijawahi kuwa mji wa wenyeji peke yao. Kabla Wajerumani hawajahamishia makao yao makuu Dar es Salaam mwaka 1891, hapa ndipo misafara ya bara ilipokuwa ikimalizia safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walifika kwa maelfu, wakakaa wiki na miezi wakisubiri kurudi, na walikuja na ngoma zao. Mzee anayesema chuo kimeleta ngoma za watu wa bara mjini anasahau kwamba ngoma hizo zilikuwa zikilia hapa kabla babu yake hajazaliwa.

Hata jambo ambalo mji unajivunia kuwa lake hasa, Maulidi, lina mizizi bara. Sheikh Ramiya, ambaye jina lake halisi lilikuwa Yahya bin Abdallah, aliletwa pwani kutoka Kongo akiwa mtoto, mtumwa. Akasoma, akafanya biashara, akawa sheikh wa tarika ya Kadiria mwenye wafuasi mpaka miji ya mbali. Alifariki mwaka 1931, na Maulidi ya Bagamoyo hayatajwi bila jina lake. Sasa mtu wa namna hiyo tumwite mgeni? Mji ulimpokea, naye akaupa kitu ambacho leo ni roho ya mji.

Pili, Hukwe Zawose. Mgogo wa Dodoma, bingwa wa zeze na ilimba, ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, aliyefikisha sauti ya Wagogo kwenye majukwaa ya Ulaya. Alihamia Bagamoyo kwa ajili ya kazi ya sanaa, akaishi hapa na ukoo wake mpaka alipofariki mwaka 2003, na wanawe na wajukuu wameendelea kupiga. Watoto waliokulia jirani na nyumba hiyo wameisikia ilimba tangu wakiwa mgongoni mwa mama zao. Mtoto wa Kizaramo anayepiga ilimba kwa sababu jirani yake alimfundisha, utamwambia hiyo si yake?

Tatu, na hapa ndipo wakosoaji wa chuo wanapokuwa na jibu dogo, ngoma za nyumbani hazikudhoofishwa na chuo. Unyago uliokuwa wa wiki nyingi sasa unabanwa kwenye likizo ya shule, au unafanywa kwa siku mbili tatu kwa sababu ya gharama. Kwenye harusi, spika mbili na kijana mwenye kompyuta vinatosha, na singeli inakesha. (Singeli yenyewe, iliyozaliwa uswahilini Dar es Salaam, imetokana na mchiriku, na mchiriku umetokana na ngoma za Wazaramo. Damu bado ipo, ingawa ngozi imeondoka.) Mdundiko barabarani sharti uwe na kibali. Na msikitini wapo wanaohutubu kwamba dufu na zikri ni uzushi. Katika hali hiyo, mahali ambapo mtu analipwa mshahara ili amfundishe kijana kupiga msondo si pa kudharau. Chuo kimefanya jambo jingine pia ambalo ni rahisi kulisahau: kimempa msanii cheti. Wazazi waliokuwa wakisema sanaa ni uhuni walipoona cheti na posho, walinyamaza.

Baada ya kupima haya yote, mimi nimeacha kuuliza ngoma imetoka wapi na nani anaifundisha. Ninauliza: nani anaipikia?

Angalia siku ya Maulidi. Wiki moja kabla, kuni zinaletwa. Usiku wa kuamkia siku yenyewe wanawake wamezunguka masufuria, mmoja anachagua mchele, mwingine anamenya vitunguu saumu, mwingine anasimamia moto wa nyama na haondoki. Wageni kutoka miji mingine wanalala kwenye nyumba za watu, juu ya mikeka ukumbini, na asubuhi wanapewa chai. Sinia likija, watu wanne watano wanalizunguka bila kuulizana majina. Dufu likianza, hakuna aliyekuja kutazama. Anayejua anaitikia, asiyejua anajifunza kuitikia. Wote waliochangia kilo ya mchele wana haki ya kulalamika kama kaswida imesomwa ovyo, na wanalalamika kweli, kwa wiki nzima. Hiyo ndiyo hali ya mtu na kitu chake. Kwa tamasha, ikiwa onyesho limeharibika, mtu wa Magomeni anasema "wameharibu". Kwa Maulidi anasema "tumeharibu".

Kwa kipimo hicho, ngoma ya jukwaani bado haijawa ya mji, hata baada ya miaka 40. Na simlaumu mwalimu wa ngoma kwa hilo, kwa sababu hakuna aliyemwambia kazi yake ni kuufanya mji upike.

Lakini kipimo changu nacho kina ufa, na ni haki niuseme. Sinia halilipi kodi ya nyumba. Mpigaji wa mdundiko anakula pilau, anatunzwa noti chache anazochomekewa kwenye kofia, anarudi kwake. Aliyepita chuoni anaweza kupata mkataba wa hoteli Unguja au Dar es Salaam, akajenga. Tukisema sanaa ya kweli ni ile isiyolipwa, tutakuwa tumemhukumu msanii awe maskini ili sisi tufurahie usafi wa ngoma yake, na mara nyingi wanaosema hivyo wana mishahara. Ngoma inahitaji vyote viwili, mpishi na mlipaji, na Bagamoyo ina bahati ya kuwa navyo ndani ya mji mmoja unaoweza kuuzunguka kwa baiskeli kabla ya adhuhuri. Kinachokosekana ni njia kati yao.

Ningependa kuona angalau usiku mmoja wa tamasha ukitoka nje ya ukuta na kwenda mtaani, mtaa wenyewe uchague ngoma, mtaa wenyewe upike, na wageni waliokata tiketi wakae mkekani kama wageni wengine. Itakuwa na usumbufu, najua. Vibali, ulinzi, vumbi, na mgeni atakayetaka kiti. Na mabibi wa lelemama waitwe chuoni kama walimu, walipwe kwa saa kama mwalimu yeyote, badala ya kuitwa kufungua shughuli. Baada ya hotuba ile ya 1962, lelemama kufifia katika mji wenye chuo cha sanaa ni deni.

Papo hapo, mji nao uwe na haki ya kukataa. Nyimbo za ndani ya unyago zina wenyewe. Makungwi wakisema hizi hazitoki, mwanafunzi wa ngoma na mtalii wote warudi nyuma bila kinyongo, hata kama nyimbo hizo ndizo nzuri kuliko zote. Huko nyuma imedhaniwa kwamba kila ngoma ikishaitwa ya taifa inakuwa mali ya yeyote. Wanawake wa pwani hawajawahi kukubaliana na hilo, nami nasimama nao.

Mwaka juzi nilikuwa kwenye harusi Magomeni. Mpigaji wa ngoma kubwa alikuwa kijana aliyesoma sanaa, mwenyeji wa palepale, na alipiga kwa ufundi ambao sijausikia kwenye harusi kwa muda mrefu: alivunja mdundo, akaurudisha, akairusha fimbo na kuidaka. Watu wakasimama kumtazama. Wakasimama kabisa. Bibi mmoja akainuka kwenye mkeka, akajifunga kanga vizuri, akaenda akaweka kiganja juu ya ngozi ya ngoma mpaka ikanyamaza. Akamwambia apunguze, watu wamekuja kucheza, hawakuja kumwangalia yeye. Kijana akacheka kwa haya, akaiegemeza fimbo ukutani, akaanza upya kwa mikono mitupu, polepole. Bibi akabaki amesimama pembeni yake, anamhesabia kwa kidole kwenye bega, mpaka mstari wa wanawake ulipoanza kusogea.