Kimanda cha dakika tano

Wapishi wa kwenye video wana ujanja mmoja: saa yao huanza kuhesabu mboga zikiwa zimeshakatwa. Kijana niliyemtazama alikuwa na vibakuli vimejipanga, karoti humu, hoho mle, kitunguu kule, naye anatabasamu tu. "Kimanda cha tambi za pakiti, dakika tano!" Dakika tano zangu zilikwisha kwenye kitunguu, machozi yakinichuruzika hadi shingoni.

"Kaka, bado?" mdogo wangu akaita kutoka sebuleni.

"Sasa hivi!"

Tambi zilikuwa zinachemka huku mimi napambana na karoti, ambayo siku hiyo ilikuwa ngumu kuliko kisu. Mzee Momofuku Ando, aliyezibuni tambi hizi Japani mwaka 1958, alifanya kazi safi kabisa. Alizikaanga kwenye mafuta. Maji yakitoka huacha vitundu vidogo, na ukizitia tena kwenye maji ya moto zinayanywa upesi. Sawa. Tatizo ni kwamba hazijui kushiba. Nilipofunua sufuria, maji hakuna, tambi zimevimba zimefika kwenye mfuniko.

Mayai mawili ndiyo yaliyotakiwa kuushikanisha mlima ule. Yakapotelea humo. Nikamimina kipakiti cha viungo, kisha chumvi, maana kijana wa video naye alinyunyiza chumvi. Nikatia nyanya ili kiwe na rangi, nayo ikamwaga maji yake yote. Sasa juu kuna supu, chini panaungua, na hapo katikati sijui hata pakoje.

Ikabaki kugeuza. Unafunika kikaango kwa sahani, unapindua, basi. Sahani pekee iliyokuwa safi ilikuwa ndogo kuliko kikaango, lakini mwenye njaa hachagui sahani. Nikasema bismillah, nikapindua.

Nusu ilitua salama. Yai bichi likapita pembeni, likaingia kwenye mkono wa shati na kusafiri taratibu, la moto, hadi kwenye kiwiko. Nikapiga yowe ambalo sitalieleza zaidi. Tambi nazo zikafuata, zikajizungusha kwenye mkono wangu kama bangili za bibi harusi. Zilizobaki ziliangukia jiko zikazima moto, na hapo nazishukuru.

Mdogo wangu akatokea mlangoni.

"Kaka, nini hicho?"

"Kimanda."

"Kipi? Cha kwenye sahani au cha kwenye shati?"

Sikumjibu. Akamega kipande cha sahani, akatafuna, karoti ikasikika kru, kru, kru. Akanywa glasi nzima ya maji. Akamega tena, njaa haina adabu. Simu yake ikaita, akapokea mdomo ukiwa umejaa.

"Shikamoo mama... Ndiyo, tumeshakula." Akanitazama kuanzia begani hadi kwenye vidole. "Kaka? Kaka chake bado amekivaa."