Kasi ya Thunderbolt inamfaa nani?

Intel ilipoingiza sokoni Thunderbolt, njia ya waya ya kuunganisha kompyuta na vifaa vya nje, mwaka 2011 kwa kushirikiana na Apple, kasi yake ya gigabiti 10 kwa sekunde ilizidi ile ya USB 2.0 kwa zaidi ya mara 20, na toleo la tano la sasa linafikia gigabiti 80. Anayetaka kununua kompyuta anapaswa kujiuliza kama kasi hiyo itamfikia yeye, na kwa maoni yangu wengi wetu haitufikii, kwa kuwa data husafiri kwa mwendo wa kifaa kilicho cha polepole kuliko vyote njiani.

Mchukue mpiga video aliyerudi kutoka harusini na gigabaiti 200 za video (baiti moja ni biti nane). Kadi yake ya kamera ikisomeka kwa megabaiti 90 kwa sekunde, kazi ya kuhamisha itapita nusu saa, awe amechomeka kisoma kadi kwenye USB 3.0 au kwenye Thunderbolt. Diski ya nje yenye sahani zinazozunguka, ambayo wengi huinunua kwa unafuu wa bei, nayo haiwezi kuijaza hata USB 3.0 iliyotoka mwaka 2008.

Mambo hubadilika anapoanza kuhariri. Akiwa na SSD ya nje, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, ya aina ya kasi iitwayo NVMe, inayosoma zaidi ya megabaiti 2,000 kwa sekunde, anaweza kufanyia kazi video za 4K moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo, huku waya mmoja ukibeba pia skrini, mtandao na umeme wa kuchaji kompyuta. Huyu gharama yake inarudi.

Faida imewafikia na wengine kwa njia ya mzunguko, kwani mwaka 2019 Intel iliutoa mfumo wake ukawa msingi wa USB4, toleo jipya la USB. Lakini umbo moja la tundu, USB-C, linalotumiwa na Thunderbolt na USB pia, limeleta mkanganyiko unaoniudhi kweli: iPhone 15 ya kawaida, ya mwaka 2023, ina tundu hilo na bado inahamisha data kwa megabiti 480 tu kwa sekunde, kasi ya USB 2.0 ya mwaka 2000. Anayeunganisha SSD ya bei kubwa kwa waya wa kuchajia simu hupata mwendo huohuo, wala hakuna kinachomwonya. Ni haki ya mnunuzi kuukuta mwendo wa data umeandikwa kwenye waya wenyewe.

Mwanafunzi au mhasibu anayehifadhi nyaraka, mwenye fedha ya kuboresha kitu kimoja, aiache Thunderbolt na anunue SSD ya kawaida ya USB.