Gia za Akiba

Leo asubuhi dereva wa bajaji kaniambia nisogee. Nisogee wapi? Kushoto kwangu mama na ndoo ya maziwa mgando, kulia kijana na spika lake, mbele dereva mwenyewe kaminywa na abiria wawili mpaka anaendeshea bega. "Sogea kidogo mzee, tumchukue na huyu." Huyu mwenyewe ana gunia la mkaa! Nikashuka hapo hapo Mafiati, hapa Mbeya, nikadai chenji, nikaambiwa haipo, basi nikatangaza kwa sauti kwamba kuanzia leo narudi kwenye baiskeli. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilitangaza.

Mke wangu kacheka mpaka kakaa chini. Jirani kaniuliza kwa upole kama kazini kuna tatizo.

Hawanijui hawa. Mimi nimekulia Kyela bwana, na Kyela mtoto anajua baiskeli kabla ya kujua kunyoosha kidole darasani. Kule ardhi imelala. Unapakia mpunga kwenye keria, juu ya mpunga unamweka shangazi, unakanyaga, na habari za msiba wa juzi zinaendelea bila mtu kuhema. Miaka ikapita, nikapata kazi, nikapata tumbo. Tena Kyela iko karibu na Ziwa Nyasa, mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari, wakati mji wa Mbeya wameupandisha mpaka mita 1,700 wakauegemeza kwenye mlima Loleza. Huku hata hewa tunapewa kwa mgawo.

Kwa hiyo ninachotaka nakijua. Phoenix naiheshimu: chuma kitupu, breki za fito, tairi za inchi 28, inabeba gunia na mwenye gunia. Ila ina gia moja, na gia hiyo ni ya watu wa tambarare. Wabebea mpunga wa Usangu waachiwe wenyewe. Mtu wa mlimani anataka meno machache mbele, meno mengi nyuma, miguu izunguke haraka na baiskeli iende taratibu, lakini ufike juu ukiwa umekaa. Tairi ziwe za inchi 26, maana fundi wangu kaniapia kwamba za inchi 27 akiulizwa atajifanya hajasikia. Maelezo hayo yote nilimpa muuzaji wa baiskeli za mtumba pale Mwanjelwa. Kwa Kiswahili. Polepole.

"Mzee wangu, nimekuelewa," akasema. Akaniletea baiskeli ya Kijapani yenye kikapu mbele.

"Hii ina gia?"

"Hii ina kikapu, mzee."

Nikamwambia sitaki kikapu. Akaleta nyingine, nene, ina shokapu mbele na shokapu katikati. Nikaikalia, ikanesa. Nikainuka, ikanesa tena yenyewe. Ukipandia mlima kitu kama hicho nusu ya nguvu zako inaishia kuchezesha springi, na uzito wake nadhani injini ilisahaulika tu kufungwa. Nikakataa. Ndipo akaitoa nyuma ya maturubai moja ya rangi ya bluu, akaifuta kwa mkono wa shati.

"Gia ishirini na moja."

Nikahesabu mwenyewe. Tatu mbele, saba nyuma, kweli ishirini na moja. Nikasimama na bomba katikati ya miguu ili nione kama nitabaki baba wa watoto. Bomba likagusa.

"Fremu ndefu hii."

"Utazoea, mzee."

"Nitazoea nini, urefu?"

Waendesha bodaboda walikuwa wameshaacha shughuli zao. Mmoja akashauri tushushe kiti, mwingine akashauri ninunue pikipiki. Nikasema nitaijaribu kwanza. Muuzaji akasema sawa, acha kitambulisho. Kitambulisho nilichokipata kwa mbinde vile? Nikaacha. Akakitazama, akanitazama, akasema acha na kiatu kimoja.

Mimi! Mjumbe wa kamati ya shule! Nikavua.

Kutoka pale kuna kamwinuko ambako kwa miguu hata hukaoni. Kwenye baiskeli nikakaona. Nikasukuma kigingi cha gia kutafuta nyepesi, kikalia "tak", hakuna kilichohama. Cheni imeng'ang'ania meno makubwa mbele na madogo nyuma, ndiyo ile gia ya kuteremkia, na mimi napanda. Na wakati huo huo, kwa sababu Mungu ana ratiba yake, shule ikatoka.

"Shikamoo!"

"Marahaba."

"Shikamoo!"

"Mara... haba."

"Shikamoo!"

Wale watoto wamelelewa vizuri mno. Hawakuamkia kwa pamoja kama wanavyomwamkia mwalimu, hapana, walikuja mmoja mmoja, na kila mmoja alisubiri jibu lake akitembea pembeni yangu bila shida yoyote, maana mwendo ulikuwa ule ule. Pumzi yangu ilikuwa inatosha nusu neno. Wa nne nikampa "mara," wa tano akachukua "haba" ya wa nne, wa sita nikamjibu kwa nyusi. Kakawepo kamoja kakaniuliza kama kanisukume. Nikakatalia kwa kichwa, na kile kichwa nacho nilikuwa nakihitaji kwa mizani.

Halafu akanipita bibi mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Kwa miguu. Akaniambia pole. Sasa yule ni mkubwa kwangu, na mimi ndiye wa kumwamkia! Unamwamkiaje mtu aliyekupita, anayekwenda na ndizi, hageuki? Nikakusanya hewa yote iliyobaki wilayani, nikasema "Shi," baiskeli ikasimama.

Kurudi ilikuwa mteremko. Mipira ya breki imekauka kama kwato, inalia lakini haishiki, ikabidi niburuze mguu. Mguu upi ulioning'inia upande wa mtaro? Usiulize. Kiatu chake kilikuwa kwa muuzaji.

"Hizi gia zako inafanya kazi moja tu," nikamwambia, nikiwa nimeinama.

"Hizo nyingine ni za akiba, mzee."

Laki mbili na themanini. Za akiba! Yaani ishirini zikae akiba zinasubiri nini, zinapandishwa vyeo? Nikadai kitambulisho changu na kiatu changu, nikamwambia abadilishe waya na mipira ya breki, ashushe kiti, aniletee fremu fupi, na hapo tutaongea laki na nusu. Akasema "kesho mzee," ile kesho tunayoijua.

Nyumbani mke wangu kasikia habari yote na kashika neno moja tu: kikapu. Kwamba ile ya Kijapani ningeichukua, kikapu kinapokea sado moja ya viazi, lile kopo la kupimia, kutoka sokoni. Sado gani? Hii ya siku hizi waliyoigonga kitako mpaka kimepanda katikati, unapimiwa viazi vinne na hewa? Juzi nimemwambia mama muuza agonge kitako kirudi chini kwanza ndiyo apime, akaniuliza kama mimi ni wakala wa vipimo...