Anthony Richardson anaweza kurudi, ila si Indianapolis

Naamini kwa dhati kwamba Anthony Richardson bado ana nafasi ya kufufua kiwango chake katika NFL, ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, ingawa sioni nafasi hiyo ikipatikana Indianapolis, wala sioni ikija haraka kama mashabiki wake wengi wanavyotamani. Kijana huyu aliyezaliwa Mei 2002 alikuwa mchezaji wa 4 kuchaguliwa katika drafti ya 2023, yaani zoezi la timu za ligi hiyo kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, na kwa namba anayocheza, ile ya kwotabeki anayeupokea mpira na kuamua aurushe kwa nani, kuchaguliwa mapema kiasi hicho maana yake ni kwamba timu imekukabidhi mustakabali wake. Haikupita hata misimu mitatu. Agosti 2025 kocha Shane Steichen alimtangaza Daniel Jones kuwa chaguo la kwanza la Indianapolis Colts, na Richardson akaanza kusugua benchi.

Wanaomhukumu huanza na takwimu, na ni kweli kwamba takwimu hazimtetei. Msimu wa 2024 alianza mechi 11, akakamilisha asilimia 47.7 tu ya pasi zake, akatoa pasi 8 za mabao huku 12 zikinaswa na wapinzani. Katika ligi ya leo, kwotabeki anayeshindwa kufikisha asilimia 60 huonekana ana tatizo. Juu ya hayo likaongezeka tukio la tarehe 27 Oktoba 2024 mjini Houston, ambako aliomba kupumzika kwa jaribio moja tu la kushambulia huku timu ikitafuta bao, kisha baada ya mechi akaeleza waziwazi kwamba alikuwa amechoka. Siku chache baadaye namba yake alipewa Joe Flacco, mkongwe wa miaka 39. Nakubali kwamba kiongozi wa mashambulizi hapaswi kutoka uwanjani kwa sababu hiyo, lakini naona tukio lile limemchafulia jina kuliko anavyostahili, kwa maana wanaolikumbuka ni wengi kuliko wanaokumbuka kwamba aliporejeshwa kikosini, Novemba hiyohiyo, aliiongoza timu kuifunga New York Jets 28 kwa 27, na bao la ushindi alilifunga mwenyewe kwa kukimbia na mpira dakika ya mwisho.

Anayetaka kumwelewa Richardson aitazame mechi ya kwanza ya msimu ule wa 2024, pia dhidi ya Houston. Akiwa anarudi nyuma, uzito wote ukiwa kwenye mguu wa nyuma na beki akiwa tayari amemfikia, aliurusha mpira ukasafiri zaidi ya yadi 60 angani hadi mikononi mwa Alec Pierce, likawa bao. Ni makwotabeki wachache mno wanaoweza kuirusha pasi ile hata wakiwa wamesimama imara. Hata hivyo, siku hiyohiyo alikamilisha pasi 9 tu kati ya 19, akapata yadi 212, na timu ikapoteza kwa 29 dhidi ya 27. Kinachomwangusha si pasi ngumu. Ni zile za yadi tano au sita ambazo mwenzake yuko huru na mpira unapita juu ya kichwa chake. Kwa jinsi ninavyomtazama, chanzo kiko miguuni: hajipangi kabla ya kurusha, anautegemea mkono peke yake, na mkono wenye nguvu kiasi kile usipoongozwa na miguu hupoteza shabaha hasa kwenye umbali mfupi.

Kasoro ya namna hiyo hurekebishwa kwa kucheza, na kucheza ndicho alichokikosa maishani. Alipokuwa Chuo Kikuu cha Florida alianza mechi 13 tu, ilhali kwotabeki Bo Nix, aliyeingia ligini mwaka mmoja baada yake, alikuwa ameanza mechi 61 za vyuo. Kisha yakaja majeraha mfululizo. Katika mechi yake ya pili ya NFL aligongwa kichwa, katika ya nne aliumia bega hadi akafanyiwa upasuaji uliomfungia msimu, na mwaka uliofuata ikawa nyonga, kisha mguu na mgongo. Katika mechi 34 za misimu yake miwili ya mwanzo alianza 15 pekee. Sijui kama ni haki kusema ameshindwa mtu ambaye hajapata hata mechi za msimu mmoja kamili.

Wapo wanaomtaja Sam Darnold kama ushahidi kwamba mambo yatakaa sawa, nami naona mfano huo unafaa kwa nusu tu. Darnold, chaguo la 3 la 2018, alifeli New York, akafeli Carolina, akakubali kukaa benchi San Francisco mwaka 2023, kisha mwaka 2024 akaibuka Minnesota na kushinda mechi 14 za msimu wa kawaida. Lakini alipofika Minnesota alikuwa ameshaanza mechi 56 za ligi. Alikuwa ameona kila aina ya ulinzi na alichohitaji ni kocha na wenzake wazuri. Richardson bado yuko kwenye hatua ya kujifunza kusoma ulinzi wenyewe. Mfano unaomfaa zaidi ni wa Jones aliyemnyang'anya namba, ambaye New York Giants walimwacha Novemba 2024, na chini ya mwaka mmoja baadaye akaifanya Colts ishinde mechi 7 kati ya 8 za mwanzo.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni jinsi nafasi ilivyompita. Oktoba 2025, akijiandaa kwa mechi dhidi ya Arizona, ukanda wa raba wa kufanyia mazoezi ulifyatuka ukamvunja mfupa wa tundu la jicho. Desemba Jones alichanika kano ya kisigino, na namba ambayo ingekuwa ya Richardson ikamrudisha uwanjani kwotabeki Philip Rivers, mwenye miaka 44, aliyekuwa amestaafu tangu mwanzoni mwa 2021.

Mkataba wake wa awali unaishia msimu wa 2026. Ningekuwa mshauri wake, nisingemtafutia timu inayomwahidi kuanza, kwa sababu timu inayotoa ahadi hiyo kwa kawaida ni ile isiyo na wa kumlinda, na mwili wake hauwezi tena kuvumilia hilo. Ningemtafutia timu yenye kwotabeki imara, ukuta mzuri mbele yake, na kocha mwenye muda wa kukaa naye kila siku baada ya mazoezi wakirekebisha hatua za miguu. Awe namba mbili hata kwa misimu miwili, kwa malipo madogo, kama alivyokubali Darnold kule San Francisco. Atakuwa bado hajafikisha miaka 27.