Chati za Busia na tasnifu zetu

Msimu wa kutetea tasnifu ukifika, kichwa ni kilekile kwa sura tofauti: athari za kitu fulani katika ufaulu wa wanafunzi. Fungua sura ya tatu: hojaji iliyogawiwa mara moja kwa walimu, majibu yakaingizwa kwenye programu ya takwimu, uwiano ukapatikana, yaani vitu viwili vikaonekana kwenda pamoja, basi. Sura ya tano tayari inaishauri wizara inunue vifaa. Hili haliwezi kuendelea, na sababu yangu ni utafiti uliofanyika Busia na Teso, magharibi mwa Kenya.

Wanauchumi Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walitaka kujua kama chati za kufundishia zinapandisha alama katika shule za msingi za vijijini. Walipolinganisha shule jinsi zilivyo, zenye chati na zisizo nazo, wenye chati walikuwa mbele kwa hadi asilimia 20 ya mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi alama zinavyotawanyika kutoka wastani) katika masomo yanayotumia chati. Wakaingiza kwenye hesabu vifaa vingine vya shule; tofauti haikupungua. Wangapi kati yetu wangeishia hapo wakachapisha?

Lakini walikuwa na jaribio pia. Shule 178, nusu yake zikachaguliwa kwa bahati nasibu zipewe chati. Matokeo ya mitihani hayakuonyesha kwamba chati zimepandisha alama. Makala yao ilitoka mwaka 2004, na naamini kila mwanafunzi wa uzamili katika elimu angeanza nayo. Shule iliyojitafutia chati yenyewe yaelekea ina mwalimu mkuu mfuatiliaji, wazazi wanaochanga kwa moyo, walimu wasiokosa vipindi. Hojaji haiyakamati hayo yote. Bahati nasibu huyagawa pande zote mbili, hata yale ambayo mtafiti hakuyafikiria.

Sisemi utafiti usio wa kijaribio hauna thamani. Huwezi kumpangia mtu avute sigara miaka 20 ili uone atakufa kwa nini. Watafiti wa afya wa Uingereza, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walianza kwa kulinganisha wagonjwa wa hospitali za London, wenye saratani ya mapafu na wasio nayo, wakachapisha mwaka 1950. Mwaka uliofuata wakaanza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, zaidi ya 40,000. Waliona kwamba wanaovuta zaidi wanakufa zaidi kwa saratani ya mapafu, na kwamba wanaoacha hatari yao inashuka. Ilikuwa kazi ya miaka mingi. Hojaji ya wiki mbili haina ubavu huo.

Najua mwanafunzi hana fedha za shule 178. Lakini halmashauri isiyoweza kupeleka vitabu shule zote mwaka mmoja inaweza kuchagua kwa bahati nasibu nani aanze, na zinazosubiri zikawa kundi la kulinganishia. Hilo likishindikana, aulize swali ambalo data zake zinaweza kulijibu: vitu hivi viwili vinakwenda pamoja kiasi gani, na kwa nani? Msimamizi amwambie hivyo mapema, pendekezo likiwa bado mezani, kabla hajaenda uwandani.