Python Imeliona Faili, Kikaguzi Chako Je?

Programu niliyoandika kwa lugha ya Python inaendeshwa, majaribio yote yanapita, jibu ni sahihi. Lakini kikaguzi cha msimbo, zana inayotafuta makosa bila kuendesha programu, kimepiga mstari mwekundu chini ya `import ripoti` na kulalamika eti moduli, yaani msimbo ninaouita kutoka faili jingine, haipo. Haipo wapi, ndugu yangu? Python imeipata na kazi inaendelea. Wewe ndiye usiyeiona.

Nimechoshwa na zana zinazojitungia kanuni. Python hapa haifichi kitu: inapitia `sys.path`, orodha ya mahali pa kutafutia moduli, kwa mpangilio, na ukiendesha skripti, inaanzia kwenye folda ya skripti hiyo, si pale uliposimama kwenye terminali. Ndani ya folda nako kuna foleni. Pakeji, yaani folda ya moduli, yenye `__init__.py` hutangulia, zikifuata moduli zilizokompailiwa kutoka lugha kama C, kisha `.py`, halafu `.pyc` (msimbo wa Python uliokwisha kutafsiriwa). Folda isiyo na `__init__.py` inakubalika tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, ila hiyo huchukuliwa mwisho kabisa, njia zote zikishakosa kitu. Sasa weka `ripoti.py` kando ya folda `ripoti/` yenye `__init__.py`. Python inaichukua folda. Kikaguzi kinachukua faili, kisha kwa kujiamini kinanikaripia kwamba nimeita funksheni isiyokuwepo. Ahsante, mwalimu.

Watu watasema kanuni zenyewe mbovu. Nyingine ni mbovu kweli: ita faili lako `random.py`, jina la moduli ya Python yenyewe, uone cha moto, na swichi ya `-P` ya kuizuia ile folda ya kwanza tumeipata kwenye 3.11 tu. Lakini ubovu wa lugha utibiwe kwenye lugha. Zana inayoutibu kimyakimya inakagua programu ambayo hakuna anayeiendesha.

Halafu wewe mtengeneza zana, kwa nini ubahatishe, na `importlib.util.find_spec`, funksheni ya kuiuliza Python moduli iko wapi, ipo? Haya, nakubali shingo upande: ukiiulizia moduli iliyo ndani ya pakeji, pakeji mama inapakiwa, yaani msimbo wake unatekelezwa, na sitaki kihariri changu kitekeleze msimbo nisioujua. Mafaili ya `.pth`, yanayoongeza folda kwenye `sys.path`, ndiyo balaa kabisa. Basi ziige kanuni kwa mkono, lakini ziige zote. Panga folda za ajabuajabu, iulize Python, iulize zana yako, linganisha majibu kila unapotoa toleo jipya.

Na usiniambie niongeze mstari kwenye faili la mipangilio. Python haijawahi kuniomba mipangilio ili ione folda iliyo ubavuni mwake.